Maneno ya mipangomiji ya kuyajua kabla hujasaini ubia wa kiwanja cha Kariakoo

Kama familia yenu ina nyumba ya zamani Kariakoo, Gerezani, Upanga au pale Kisutu, basi jua siku yoyote kuna mtu atapiga hodi, atakaa kibarazani, ataulizia mzee wa nyumba ni nani, halafu atasema anataka kuwajengea ghorofa, nyie mtoe kiwanja yeye atoe hela. Huo ndo ubia, na sio kitu kibaya chenyewe, kuna familia zimetoka kimaisha kwa njia hiyo. Shida ni karatasi, yaani mnaletewa mkataba wa kurasa 20 umejaa maneno ya mipangomiji ambayo hamjawahi kuyasikia na mnaambiwa saini hapa na hapa.

Kwetu ilikuwa nyumba ya babu, vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Mama mdogo ndo alikuwa msimamizi wa mirathi, akasaini mkataba unaosema familia itapata frem mbili za chini na "ghorofa ya kwanza yote". Tulifurahi sana. Jengo likapanda, likaisha, siku ya kukabidhiwa tukapandishwa ngazi fupi tukaingia sehemu ambayo mimi nikinyoosha mkono nagusa dari. Ilikuwa mezanini, ile sakafu ya katikati inayowekwa juu ya maduka. Tulipolalamika tukaonyeshwa mchoro, na kweli kwenye mchoro palikuwa pameandikwa ghorofa ya kwanza, na mchoro una saini ya mama mdogo. Tangu siku hiyo nimesoma karatasi za ndugu, za majirani, za watu wa msikitini, na haya ndo maneno ninayowaambia waanze nayo.

Anza na hati kabla hujaangalia mkataba wowote. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe unapewa haki ya kuikalia kwa muda chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na muda huo ni miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo angalia ilianza lini na imebaki mingapi, maana hati ya 33 iliyobakisha miaka minne hakuna benki itaipokea kirahisi, na mwenye hela atalitumia hilo kukubana. Utaona namba ya kiwanja na herufi ya kitalu, utaona ukubwa kwa mita za mraba, na utaona matumizi. Matumizi mara nyingi yanaandikwa kwa makundi, herufi kubwa ni kundi na herufi ndogo ya kwenye mabano ni daraja ndani ya kundi hilo, usione haya kumuuliza afisa ardhi akusomee kwa Kiswahili cha kawaida. Kama jina kwenye hati bado ni la marehemu, simama hapo hapo, fungueni mirathi kwanza mahakamani, maana mkataba uliosainiwa na mtu ambae hajateuliwa kuwa msimamizi ni ugomvi wa ndugu unaosubiri siku yake. Halafu fanyeni sachi kwa Msajili wa Hati, mjue kama kuna rehani au zuio limewekwa, hata kama hati mnayo wenyewe kabatini.

Baada ya hati tafuta TP. Watu wanaichanganya sana na ramani ya upimaji. Ramani ya upimaji inakuonyesha mipaka, bikoni, yale mawe ya mpaka, ziko wapi na urefu wa kila upande. TP ndo mchoro wa mipangomiji, unaonyesha mtaa mzima umepangwa nini: hapa biashara, hapa makazi, hapa makazi na biashara pamoja, hapa shule au zahanati, hapa eneo la wazi, na barabara ina upana gani. Juu yake kuna mpango kabambe, huo ni wa jiji zima, Dar ilikuwa nao wa 1949, wa 1968, wa 1979, na huu wa sasa ni wa 2016 mpaka 2036. Mpango kabambe unasema kwa ujumla sehemu fulani itabeba majengo marefu, TP inashuka mpaka kwenye kiwanja chako. Na kwa maeneo ya katikati ya jiji ambayo yalishajengwa zamani unaweza kukuta kuna mpango wa uendelezaji upya, maana yake serikali ilishaamua hizo nyumba za chini zitakuja kuwa maghorofa na ikaweka masharti yake. Uliza hilo neno kwa jina lake ukifika halmashauri, "hapa kuna mpango wa uendelezaji upya au hakuna?". Kumbuka tangu 2021 Ilala ndo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Kariakoo na Posta yote iko huko.

Hapa niseme kitu kidogo cha historia kwa sababu kinaelezea kwa nini viwanja vyetu ni vidogo hivi. Wakoloni waligawa mji huu kwa kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Kariakoo ilikuwa ile ya tatu, ya nyumba za udongo na makuti, viwanja vyembamba vimepangwa kwenye mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi makusudi kutenganisha. Jina lenyewe Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita vya kwanza. Kwa hiyo kiwanja kilichokatwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita leo kinabebeshwa ghorofa kumi, na ndo maana hesabu inayofuata ni muhimu kuliko zote.

Neno ni ploti reshio. Ni uwiano kati ya ukubwa wa kiwanja na jumla ya sakafu zote unazoruhusiwa kujenga. Tuchukue mfano, kiwanja cha mita 12 kwa 24, hiyo ni mita za mraba 288. Ukiambiwa ploti reshio ni 4 unazidisha, unapata mita za mraba 1,152, hiyo ndo sakafu yote ya jengo ukizijumlisha. Sasa kuna neno la pili, kiwango cha kufunika kiwanja, yaani jengo linakalia asilimia ngapi ya kiwanja pale chini. Tuseme ni asilimia 80, basi kila sakafu ni mita 230.4. Gawa 1,152 kwa 230.4, jibu ni 5. Sakafu tano. Mtu akija na mchoro wa sakafu kumi kwenye kiwanja hicho hicho anahitaji ploti reshio ya 8, na lazima akuonyeshe wapi imeandikwa 8. Hizi namba za 4 na 80 nimeziweka kwa mfano tu, zako zitoe halmashauri kwa maandishi, na uliza pia kama besimenti na paking zinaingia kwenye hesabu au hapana.

Na angalia hii inavyogusa mfuko wenu. Mkipewa "ghorofa moja" kwenye jengo la sakafu tano mmepata asilimia 20. Mkipewa "ghorofa moja" kwenye jengo la sakafu kumi mmepata asilimia 10. Neno ni lile lile kwenye mkataba! Mtu anakuja na mchoro wa tano mnakubaliana moja, baadae anaenda kuomba kibali cha kumi, na nyie bado mna moja yenu. Ndo maana nawaambia watu fungu lenu liandikwe kwa asilimia ya sakafu yote itakayojengwa, na pia kwa mita za mraba, na lisipungue hata jengo likibadilika.

Kuhusu kuhesabu ghorofa, hapa ndo sisi tulipopigwa. Kwenye michoro utaona B, hiyo besimenti, utaona G, hiyo ya chini usawa wa barabara, halafu G+8 maana yake ya chini na nane juu yake, jumla sakafu tisa. Sisi mtaani tukisema ghorofa nane wengine wanahesabu na ya chini wengine hawahesabu. Mezanini wengine wanaiandika M, wengine wanaipa namba kabisa. Kwa hiyo chukua mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa kwa kisu kutoka juu mpaka chini, usome kimo cha kila sakafu kwa mita, kutoka sakafuni mpaka darini. Iliyo yenu ipakeni rangi kwa kalamu, wote msaini juu ya hiyo rangi, na mchoro huo ushonwe kwenye mkataba kama kiambatisho.

Setibeki ni umbali jengo linatakiwa kukaa kutoka kwenye mpaka, mbele, nyuma na pembeni. Pale katikati ya mji mbele mara nyingi watu wanajenga mpaka mwisho, lakini nyuma na pembeni ndo hewa na mwanga wa vyumba unakotoka, na ndo gari la zimamoto linakopita kama lipo la kupita. Hifadhi ya barabara ni kitu kingine, hiyo sio yako kabisa. Kwa barabara kuu na za mikoa Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati, mitaa ya ndani upana wake unausoma kwenye TP. Umeshaona ile X nyekundu kwenye kuta za watu, ndo hiyo. Ukiwa karibu na njia ya mwendokasi au barabara yoyote inayosemekana itapanuliwa, ulizia kwanza.

Kubadilisha matumizi: kama hati inasema makazi na nyie mnataka maduka chini fleti juu, lazima muombe kubadilisha kabla ya kujenga. Ombi linapita halmashauri, tangazo linabandikwa ili majirani wenye pingamizi waseme, wataalamu na kamati wanajadili. Ikikubaliwa hati nayo inarekebishwa na kodi ya ardhi inabadilika, maana inafuata matumizi na ukubwa na mahali. Muandikiane nani anailipa hiyo kodi mpya wakati ujenzi unaendelea, watu wanasahau halafu deni linaangukia kwenye jina la hati, ambalo ni lenu.

Kuunganisha viwanja ndo mtindo wa sasa, mwenye hela anachukua vyenu na vya majirani wawili vinakuwa kimoja. Ni jambo zuri kwa jengo, linapata paking na ngazi mbili za kutokea. Ila hati zenu za zamani zinarudishwa na inatoka moja mpya, kwa hiyo msikubali hati mpya itoke kwa jina la kampuni peke yake, na fungu la kila familia lipigwe kwa mita za kiwanja ilizoleta.

Kibali cha ujenzi kiombeni mkione kwa macho, nakala ibaki kwenu. Kina idadi ya sakafu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya jiji, mtaa wa Indira Gandhi, likaua watu zaidi ya 30, na Novemba 2024 tukafukua tena watu Kariakoo kwenyewe. Kila nikipita pale naangalia juu. Sakafu ya ziada nje ya kibali sio faida kwa familia hata mkipewa nusu yake, nguzo zilipigiwa hesabu ya mzigo mwingine. Pale saiti lazima kuwe na bango lenye jina la mkandarasi, msanifu na mhandisi, na namba za usajili wao, mnaweza kuwaulizia kwenye bodi zao, ya makandarasi, ya wahandisi, na ile ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Mchoro upitie na zimamoto pia. Mkiona kazi inaendelea usiku na bango halipo, nendeni halmashauri siku hiyo hiyo.

La mwisho ni hati ya sehemu ya jengo. Sheria ya 2008 inaruhusu kila mwenye fleti au frem kuwa na hati yake ndani ya jengo moja, na wamiliki wote wanakuwa na umoja wao wa kusimamia ngazi, lifti, maji na paa. Mkataba wenu useme wazi lini mtapewa hizo hati na kwa majina ya nani, na uandike paa ni la nani, maana pale juu minara ya simu na mabango inalipa kila mwezi. Bila hati za sehemu mnabaki kuwa watu waliopewa funguo tu, mkitaka kukopa au kuuza hamna cha kuonyesha.

Mwaka jana binti wa jirani alinipigia, wameletewa mkataba nao. Tulikaa kwenye kile kibaraza chao tukausoma kutwa nzima, tukafuta "ghorofa ya pili" tukaandika asilimia na mita za mraba na kimo cha dari kisichopungua mita tatu, tukampelekea wakili akaupitia. Mwenye hela alinuna wiki mbili, halafu akarudi akasaini.