Mchezaji akianguka peke yake: achana na ulimi, nenda kifuani

Kwenye viwanja vyetu vya mchangani, mtu akidondoka ghafla lazima utasikia: "Amemeza ulimi! Leteni kijiko!" Mwaka wangu wa kwanza wa ukocha, mimi ndiye niliyekimbilia kijiko kwa mama ntilie. Ulimi haumezeki. Hulegea tu na kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, na dawa yake ni kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu. Vidole vibaki nje ya mdomo, utang'atwa.

Hatua ya 1: kabla ya filimbi. Gawa kazi. Nani atapiga 112, nani atasaidiana nawe kifuani, nani ana ufunguo wa geti. Huyo wa ufunguo msimdharau.

Hatua ya 2: sekunde 10. Ameanguka na hakuna aliyemgusa? Shuku moyo kwanza. Mpige begani, muite kwa sauti, tazama kifua. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika: moyo ukisimama, mwili unaweza kutikisika kidogo, na mtu akavuta pumzi mojamoja za kukoroma, kama samaki aliyetolewa majini. Watu watasema kifafa, wataanza kumnusisha kiatu. Kama haitiki na hapumui kawaida, anza kazi.

Hatua ya 3: kifua. Alale chali pagumu. Mchanga ukiwa laini, mburuteni hatua chache hadi kwenye udongo ulioshikana. Piga magoti ubavuni kwake. Sehemu ya chini ya kiganja iweke katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Bonyeza sentimita 5 hadi 6, uache kifua kiinuke chote kabla ya kubonyeza tena. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Aliyefunzwa kupuliza hewa apulize mara 2 baada ya kila mara 30. Ambaye hajafunzwa abonyeze tu bila kusimama. Refa ana saa: kila dakika 2 atangaze, mpokezane.

Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, alipoanguka Copenhagen, Juni 2021, alikandamizwa kifua palepale uwanjani, kisha ikaja mashine ya kushtua moyo. Mwaka uliofuata alirudi kucheza. Sisi mashine hatuna, mikono tunayo.

Hatua ya 4: bajaji isubiri. Najua gari la wagonjwa hukawia. Lakini ukimkunja kwenye kiti cha bajaji, hakuna atakayeweza kumbonyeza kifua njiani. Ikibidi kuondoka, tafuteni gari ambalo atalala chali na mwenzake akapiga magoti pembeni.

Zoezi la Jumanne. Jaza jezi kwenye mfuko, kaza vizuri, weka chini. Kila mchezaji abonyeze dakika 2 kamili. Mabeki wangu wenye vifua vipana walianza kutweta kabla ya dakika ya kwanza kwisha; ndiyo maana siku hizi napanga watu wanne wa kupokezana.