SOMO: Wota pampu inayokufa kila msimu kwenye trekta dogo

Kila masika, mabonde ya mpunga yakianza kuburugwa, swali ni lile lile: "Fundi, wota pampu (ile inayozungusha maji ya kupoza injini) imekufa tena, niweke ya aina gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi leo nawajibu wote. Pampu ikifa mara moja, huenda umri wake umefika. Ya pili ikifa ndani ya mwaka, usikimbilie dukani kununua ya tatu. Kwenye trekta mna kitu kinachoiua, na hiyo mpya nayo kitaimaliza. Nazungumzia matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani, Kubota, Yanmar, Iseki na mfano wake, ambayo mengi feni yake imefungwa kwenye shafti ya pampu yenyewe.

Hatua ya 1. Zima injini, ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, hakifunguliwi kikiwa cha moto.

Hatua ya 2. Pampu iliyokufa usiitupe, wala fundi asiondoke nayo. Shika shafti uitikise. Ikicheza, beringi, inayoishikilia shafti izunguke, ndiyo iliyotangulia kufa: nenda hatua ya 3. Shafti ikiwa imara, lakini chini ya kile kitundu kidogo cha tumboni mna michirizi ya maji yaliyokauka, basi ni sili, inayozuia maji yasitoke kwenye shafti: nenda ya 4 na ya 5. Mapanga ya ndani yakiwa yameliwa vijishimo, ama maji ni mabaya ama pampu imekuwa ikivuta hewa na mvuke.

Hatua ya 3. Feni na mkanda. Panga la feni likivunjika ncha au likipinda, feni nzima hutetema, na beringi ndiyo inayobeba tetemo hilo. Funga kijiti karibu na ncha za mapanga, zungusha feni kwa mkono, uone kama yote yanapita umbali mmoja. Kisha mkanda: ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, uingie kama milimita 10. Mkanda ukilia, watu huchukua nondo, wakaisukuma altaneta (inayochaji betri) mpaka mkanda unakuwa mgumu kama ubao. Mara nyingi mkanda huo umekwisha. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake. Ukichakaa huzama, ukakaa chini ya mfereji wa puli na kuteleza. Angalia mfereji: ukiwa chini mnang'aa, mkanda umefika chini. Kuukaza hakuuzuii kuteleza, kunaua beringi tu. Badilisha mkanda.

Hatua ya 4. Maji. Unguja visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, na vile vya uwandani karibu na pwani vina chumvi juu yake. Chokaa huganda kwenye njia za maji na kukwaruza uso wa sili. Chumvi hula aluminiamu. Weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta, ambayo pia huzuia maji kuganda) nusu kwa maji laini, yasiyo na chokaa, nusu. Usiniambie Zanzibar hakuna barafu: kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 5. Kufunga pampu mpya na kujaza maji. Hapa ndipo pampu nyingi nzuri zinapouawa siku ile ile ya kufungwa, kwa hiyo soma polepole.

Sili ya pampu ni nyuso mbili zinazosuguana, na kilainishi chake ni yale maji ya rejeta. Bila maji huungua kwa muda mdogo sana. Kwa hiyo USIWASHE injini "kuipima kidogo" kabla ya kujaza. Shafti isipigwe nyundo, hata kupitia kipande cha mbao. Gasketi ya karatasi haihitaji silikoni nene: inayobanwa kuingia ndani hukatika, ikaenda kuziba rejeta. Safisha uso wa zamani mpaka chuma kionekane, funga boliti kwa zamu, ukivuka upande hadi upande.

Kujaza sasa. Simamisha trekta pua ikiwa juu kidogo, fungua skrubu ya kutolea hewa kama injini yako inayo, mimina taratibu. Washa bila kifuniko, iungurume polepole, huku ukiongeza maji yakishuka. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, ndipo ujue thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) imefunguka na maji yanazunguka. Zima, ipoe, angalia kina tena, ndipo ufunge. Ukiruka hatua hii, hewa hubaki ndani, pampu inazunguka kwenye povu, na baada ya wiki utaniuliza niweke ya aina gani. Na likichemka shambani, usimwagie maji ya kisima injini ya moto. Silinda hedi itapasuka.

Hatua ya 6. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 hushikilia shinikizo la baa 0.9, na hapo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukipasuka, maji huchemka mapema. Pia washa injini ya baridi kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokwisha ni gasketi ya hedi inayovuja, wala si pampu.

MASWALI

Swali (Wete): Fundi, yangu imekufa tena, ninunue ya kampuni gani?
Jibu: Hatua ya 2. Itikise shafti, kisha rudi uniambie ulichokiona.

Swali (Kinyasini): Mie kile kitundu nimekiziba kwa silikoni, mwaka sasa haivuji. Mbona hukuisema njia hii?
Jibu: Kwa sababu ni mbaya. Kitundu kimewekwa ili maji yanayopita sili yatoke nje. Ukikiziba, yanaingia kwenye beringi na kuosha grisi yake. Beringi ikikatika kwa kasi, feni inakwenda kukata rejeta. Kizibue leo.

Swali (Chake Chake): Huku joto, thamostati ya nini? Tumeitoa zamani.
Jibu: Injini isiyofika joto lake hula mafuta na kusagika. Na kwenye baadhi ya injini, thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji yanazunguka ndani bila kupita rejeta, na trekta linachemka zaidi. Kuipima, ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizopigwa muhuri juu yake.

Swali (Cheju): Ami, sisi ni kikundi cha kina mama, trekta ni letu wote na dereva ni wa kukodi. Tutajuaje kabla haijaharibika?
Jibu: Swali zuri sana, dada yangu. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, mmoja wenu ashike feni kwa ncha mbili aivute mbele na nyuma. Isicheze. Atazame chini ya kitundu: tone moja moja kwa pampu mpya si neno, michirizi inayoongezeka kila siku ni dalili. Apime maji ya rejeta na ayaandike daftarini, ili dereva asiongeze kimya kimya. Baada ya kuburuga, osheni rejeta kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje. Makapi yanayojaa kule mbele yanachemsha trekta bila kosa la pampu. Na mpira wa chini uminyeni: ukiwa laini sana, pampu ikivuta hujikunja, maji yakakatika.

Swali (Micheweni): Ndani mna magaga meupe. Tuoshe kwa ukwaju? Na maji ya mvua yanafaa?
Jibu: Ukwaju hapana, nyuzi zake zitaziba rejeta. Tumia asidi ya ndimu ya unga iliyoyeyushwa hafifu kwa maji ya moto, izunguke kwa muda mfupi, mwaga, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Ikilala humo inakula aluminiamu. Maji ya mvua yanafaa. Acheni mvua ya kwanza ioshe bati, mkinge ya baadaye, mchuje kwa kitambaa.

Swali (Mwanakwerekwe): Maji ya AC je? Au ya betri?
Jibu: Ya AC hayana chokaa ila yana vumbi, yachuje, na kulanti iwe palepale. Ya betri, tahadhari: madukani jina hilo hupewa chupa mbili, ya maji safi na ya asidi. Lebo ikifutika, dondoshea tone kwenye jiwe la matumbawe. Likitoa povu, ni asidi. Irudishe dukani.