Kabla Hujagusa Mizani: Vitabu Vya Kujazia Risasi Visipokubaliana

Huku Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi hujijazia risasi zao wenyewe gereji, yaani huunganisha ganda, fataki (kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda), baruti na kichwa kinachoruka, na karibu kila mmoja ana vitabu viwili au vitatu vya vipimo: cha Lyman, cha Hornady, pengine cha Sierra au Nosler. Fungua viwili kwenye aina ya risasi iitwayo .308 Winchester, kichwa cha greini 168 (greini ni kipimo kidogo cha uzito), baruti ileile. Kimoja kinakomesha baruti mahali fulani, kingine kinaendelea mbele kwa greini moja, wakati mwingine mbili. Paundi moja ina greini 7,000, kwa hiyo tofauti yenyewe ni baruti ya kukaa kwenye ncha ya kisu. Mgeni wa kazi hii husema kitabu cha chini kimeandikwa na waoga. Mawazo hayo yaishe kabla hujawasha taa ya meza.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania, kwanza hili: kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, hata kama bunduki yako ina leseni. Ninayoyaeleza ni ya mahali sheria inaporuhusu.

Anza na maandishi madogo yaliyo juu ya jedwali, yale ambayo wengi huyaruka. Hapo ndipo utaona walitumia ganda la nani, fataki gani, mtutu wa urefu gani, na risasi nzima ilikuwa na urefu gani baada ya kichwa kukazwa. Kila kimoja kinagusa presha, yaani msukumo wa gesi ndani ya bunduki. Ganda la kijeshi la 7.62 kwa kawaida lina kuta nene kuliko la kiraia, nafasi ya ndani inapungua, na baruti ileile inasukuma kwa nguvu zaidi. Fataki ya magnum nayo inawasha kwa moto mkali zaidi. Kichwa je? Usiridhike na uzito peke yake. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi (lead), hivyo kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kuliko chenye madini hayo ndani, uzito ukiwa sawa, na kinaingia ndani zaidi ya ganda. Kitafutie vipimo vyake. Vya jirani yake havifai.

Halafu jina la baruti, herufi kwa herufi. Kuna H4831 na kuna IMR 4831. Ya kwanza chimbuko lake ni baruti ya ziada ya mizinga ya milimita 20, ambayo Bruce Hodgdon aliinunua na kuiuza baada ya Vita Kuu ya Pili. Ya pili ilikuja miaka ya 1970 na inaungua haraka zaidi. Namba ileile, baruti mbili. Mambo ni hayohayo kwa H4350 na IMR 4350. Mimi niliwahi kumimina baruti kwenye kipimio, nikageuka kusoma jedwali, nikarudi kukuta makopo mawili mezani, yote yamefunguliwa. Sikujua iliyomo ni ya kopo lipi. Niliimwaga yote, na tangu siku hiyo juu ya meza hukaa kopo moja tu, mengine yako kabatini.

Sasa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu, hasa waliorithi kitabu cha babu. Kwenye kitabu cha zamani, mwisho wa presha ya .308 umeandikwa 52,000. Kwenye kipya ni 62,000. Mtu anaona amebakiwa na 10,000 za kuchezea. Hajabakiwa na kitu. Ya zamani ni CUP: kipande cha shaba kilibanwa na presha, kisha wakapima kimebonyea kiasi gani. Ya sasa ni psi (paundi kwa inchi ya mraba), iliyosomwa na kihisi cha umeme. Ni mlima uleule uliopimwa kwa fimbo mbili, na hakuna hesabu moja ya kugeuza fimbo hii kuwa ile kwa kila aina ya risasi. Aina nyingine ya risasi, .30-06, nayo iko hivyo, 50,000 kwa CUP na 60,000 kwa psi. Kabla hujalinganisha tarakimu, linganisha vipimio.

Na kama bunduki yako ya .30-06 ni M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, jedwali la kawaida liache. Bunduki ile hujiendesha kwa gesi, na baruti inayoungua polepole mno inaweza kupinda fimbo yake ya kusukumia. Tafuta ukurasa uliotengwa kwa ajili yake.

Ukishahakikisha vitabu vinazungumzia kitu kimoja na bado havikubaliani, usitafute wastani. Chukua mwanzo ulio chini kuliko yote, na kikomo kilicho chini kuliko vyote. Kushuka chini ya mwanzo nako si usalama, maana baruti za polepole zikijazwa kidogo mno zimewahi kuleta presha za ajabu. Panda kidogokidogo, ukiwa na kipima mwendo wa kichwa kinachoruka. Ukifikia mwendo wa juu wa kitabu kabla ya kufikia baruti yake ya juu, presha umeshaifikia, simama hapo. Usisubiri fataki iwe bapa au bolti (komeo la bunduki) igome kufunguka, kwa sababu dalili hizo huja zimechelewa. Siku ya jua kali, acha nafasi zaidi.

Mizani iangaliwe kwa jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, kabla ya kuanza na tena katikati ya kazi. Feni izimwe. Maganda yote yakishajazwa na kabla ya kukaza kichwa hata kimoja, yapange kwenye ubao wake, shika tochi, uchungulie moja baada ya jingine: baruti iwe imesimama usawa uleule katika yote. Lililozidi au lililopungua mwaga, pima upya.