Pumu kali, prednisoloni ya kila siku na msimu wa salfa

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, na pumu yangu ni ya ile aina isiyotulizwa na pampu peke yake. Kwa miaka sasa nameza prednisoloni kila siku. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyeandikiwa vidonge hivyo juzi, akaambiwa ataendelea navyo, akaondoka dirisha la dawa na maswali tele. La kushika kuliko yote ni hili: dozi hushushwa na daktari, polepole. Usiikate mwenyewe, hata siku unayojisikia mzima kabisa.

Sababu ni kwamba juu ya kila figo kuna tezi inayotengeneza homoni ya jamii moja na dawa hii. Ukimeza vidonge zaidi ya wiki 3 hivi, tezi hizo hupunguza kazi. Ukiacha ghafla, dawa haipo na tezi bado zimelala: nguvu zinakwisha, kichefuchefu kinakuja, presha inaanguka, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mimi sisubiri kidonge cha mwisho. Nikibakiwa na vya wiki mbili naanza kutafuta vingine, maana zahanati ikiishiwa utajikuta unapanda gari kwenda Masasi au Mtwara mjini kuvifuata. Ukitapika na vidonge havikai tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe sindano. Na kwenye pochi weka karatasi yenye jina lako, dozi yako, namba ya ndugu, na maneno haya: "Natumia prednisoloni kila siku, isikatizwe ghafla." Ionyeshe kabla ya kung'olewa jino, kufanyiwa upasuaji au kuingia leba.

Meza asubuhi baada ya kula, isipokuwa daktari amekupangia vingine. Ukimeza usiku unaweza kukesha. Mwezi wa Ramadhani mimi namezea daku, lakini nililipanga hilo na daktari kabla mwezi haujaandama. Kuhusu pampu mchana wa saumu, masheikh wamehitilafiana, basi muulize wako mapema. Kifua kikibana, vuta. Siku utailipa.

Kuna jambo watu wa jembe huku hawaambiwi. Upo mnyoo unaoingia kwa ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo, unaishi mwilini miaka mingi bila kelele. Steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, zikishusha kinga, unazaliana mpaka unaweza kuua. Mwambie daktari kwamba umelima peku, umwombe akupime au akupe dawa yake, kisha vaa viatu shambani. Vilevile kikohozi kikipita wiki 2, kapime makohozi. Usiisingizie pumu kila kitu, kwa sababu kifua kikuu nacho hupata nafasi kinga ikishuka.

Pampu ya kuzuia, ile yenye steroidi ya kuvuta, ndiyo inayompa daktari nafasi ya kupunguza vidonge, nami nasikitika kuona watu wanaitupa kabatini kwa sababu haileti nafuu papo hapo. Itumie kila siku, kisha sukutua na uteme, usipate utando mweupe mdomoni. Kopo lenye mivuto 200, ukivuta 4 kwa siku, litakwisha siku ya 50. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino mzito. Kulielesha kwenye maji ili kujua kilichobaki hakutoi jibu la kweli.

Kama huna chemba ya kuvutia, lile kopo la plastiki linalokaa kati ya pampu na mdomo, tengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Pasha moto waya, toboa kitako cha chupa, panua tundu taratibu mpaka mdomo wa pampu uingie kwa kubana, kisha zungushia plasta pembeni hewa isipite. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana ukiifuta dawa itanata kwenye plastiki. Tikisa pampu, bana midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi taratibu mara 5. Ndipo ubonyeze tena.

Sasa salfa. Kuanzia mwezi wa 6 mikorosho inapochanua, watu hupuliza unga wa salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Hupuliza alfajiri kwa sababu umande hushikisha unga kwenye majani na upepo umetulia. Utulivu huohuo ndio unaotuumiza sisi: wingu la njano linatambaa chini kwa chini mpaka uani. Mimi huwauliza majirani jioni nani anapuliza kesho. Hawakasiriki, jirani yangu mmoja siku hizi hupita mwenyewe dirishani: "Shangazi, kesho ni zamu yangu, funga madirisha." Nguo nazianua usiku, nalala na madirisha yamefungwa, sitoki mpaka jua limepanda. Kama una shamba, kazi hiyo mwachie mwingine, naye avue nguo za kupulizia nje ya nyumba. Barakoa ya kitambaa haizuii unga mwembamba kiasi hicho. Na kabla ya msimu nenda kliniki, mpange na daktari dozi itakavyokuwa kifua kikianza kubadilika.

Moshi wa maganda ya korosho ni mbaya zaidi, maana mafuta ya ganda ni makali hata yanaunguza ngozi. Wanapokaanga, hama mtaa.

Mwili utabadilika. Uso unajaa, tumbo linatoka, watu wanakwambia, "Dada, ndoa imekupenda!" Inauma, hasa mtoto wako anapoulizwa kama mama ni mjamzito. Jibu ukipenda, nyamaza ukipenda, ila usiache dawa kwa ajili ya macho ya watu. Njaa yake nayo ni ya kweli: mimi huijibu kwa kunde, mbaazi na mboga za majani kabla ya muhogo, na chumvi napunguza. Dagaa nakula wazima na mifupa yao, kwa sababu dawa hii inamaliza mifupa. Pima presha na sukari kila kliniki, na macho angalau mara moja kwa mwaka, kwani huleta mtoto wa jicho.

Duka la dawa, taja pumu kabla hujataja maumivu. Diklofenaki na aspirini zinaweza kuamsha pumu, na zikikutana na prednisoloni tumboni huleta vidonda. Propranololi ya presha nayo inaweza kukubana kifua.

Siku ya shambulio, ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au mluzi wa kifua ukinyamaza huku bado unahema, usisubiri kupambazuke. Kaa wima, vuta pampu ya bluu, ile ya kutuliza, kwa chupa, mivuto 4 hadi 10, mmoja mmoja, na urudie kila dakika 20 mkiwa njiani. Namba ya bodaboda anayekubali kuamshwa usiku iwe ukutani, na mtoto mkubwa aijue. Kwenye pikipiki, mtoto huyo akae nyuma yako akushikilie. Pampu, chupa na ile karatasi viwe mkononi mwake.