Ndugu yako anaoa Mfilipina? Hivi ndo mnaandaa zile sarafu 13 bila kufilisika na dhahabu

Wadau, hii naiandika hasa kwa tulioko Gulf, maana huku tunafanya kazi na Wafilipino, tunakaa nao nyumba moja, mara unasikia ndugu yako anaoa huko huko, kama mdogo wangu wa kiume, na kazi ya kutafuta sarafu nikapewa mimi dada mtu wakati hata jina lake sijawahi kulisikia.

Zinaitwa arrhae. Ni sarafu 13, desturi iliyoingia Ufilipino na Wahispania waliotawala kule toka 1565 mpaka 1898, kwa hiyo utaikuta zaidi kwenye ndoa za Kikatoliki. Cha kwanza toa mahari kichwani kabisa, mi nilikosea hapo, nikawa namuuliza wifi yangu "baba anataka ngapi?" akabaki ananiangalia tu. Hizi haziendi kwa wazazi, padri anazibariki pamoja na pete, bwana harusi anazimimina kwenye viganja vya bibi harusi mbele ya watu wote, maana yake nitakutunza na nilicho nacho ni chako. Siku hizi wengi bibi harusi anazirudisha mikononi mwa mume, kwamba nyumba wataijenga wote wawili, na kwa kweli mi hiyo ndo nimeipenda zaidi. Kwa nini 13? Wengi watakwambia Yesu na mitume wake 12, wengine wanasema miezi 12 ya mwaka na moja ya kuwapa maskini.

Sasa dhahabu. Hakuna anayewalazimisha sarafu ziwe za dhahabu! Watu wanatumia za madini ya fedha (silva), wanatumia za kuchovya dhahabu, wanatumia hata piso, hela yao ya kawaida, zilizosuguliwa zikang'aa, na wenye bahati wanatumia za bibi yao. Manila seti nzima yenye kisanduku, kamba na shela (navyo hutumika kwenye ibada ya ndoa) unaipata soko la Divisoria kwa bei ya kawaida tu, muombe mtu anayetoka likizo akuletee.

Ila kama mmekubaliana dhahabu basi piga hesabu kabla hujaingia dukani. Bei ya dunia inatajwa kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuseme wakia iko dola 4,000 (ilivuka hapo Oktoba 2025), gawa kwa 31.1 unapata kama dola 128.6 kwa gramu ya karati 24, ya karati 18 zidisha kwa 0.75 inakuwa 96.5. Sarafu 13 za gramu moja moja za karati 18 zinafika kama dola 1,254, na hapo sonara hajaweka hela ya ufundi, na gramu moja ni kitu kidogo kama kifungo cha shati, watu wa benchi la nyuma kanisani hawakioni. Bei ya gramu pale soko la dhahabu Deira, Dubai, imebandikwa na muuzaji hakupunguzii, unachobishania ni ufundi, na ufundi huo siku ukiuza haurudi. Angalia mhuri kwa kila sarafu, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22, na usiridhike na sumaku peke yake maana hata shaba haishikwi na sumaku. Mwambie azipime mbele yako na risiti iandike gramu na karati. Sisi tulichukua fedha 12 na dhahabu moja, wazee wa kule hawakusema neno.

Halafu jamani fanyeni mazoezi. Wafilipino wengi wanaamini sarafu ikidondoka wakati wa ibada ni mkosi kwa ndoa, na jioni ya kuamkia harusi mdogo wangu alimwaga kutoka juu kama anamwagia kuku mahindi, moja ikaruka, ikagonga mguu wa benchi, ikabingirika mpaka mlangoni, mama mkwe akashika kifua. Kumbe inatakiwa viganja vya bibi harusi viungane vikae kama bakuli, vya bwana harusi vije juu yake karibu kugusana, amimine polepole. Mazoezi yawe na sarafu zenyewe, vifungo havina uzito ule. Mtoto wa kuzibeba awe amefika miaka mitano hivi, na mfuko ufungwe kwa utepe wa kuvuta, fundo likigoma kufunguka padri anasubiri na kanisa zima linasubiri.

Asubuhi ya harusi zihesabu mwenyewe kabla hujampa mtoto. Mi nilihesabu mara tatu. Zote 13 ziko kabatini kwao mpaka leo, na ile iliyogonga benchi unaijua, ina mkwaruzo ubavuni.