Kabla hujalipia behewa dogo la mizigo

Mnaonunua mabehewa ya treni za mfano ya kipimo cha HO (1:87, yaani madogo mara 87 kuliko ya kweli), hasa yale ya Kimarekani, rangi na nembo visiwahadae. Lipindue kwanza, ukweli uko tumboni.

Anza na magurudumu. Ya chuma huzunguka vizuri na hayashiki uchafu upesi kama ya plastiki. Liweke juu ya kipande cha kioo, kiinamishe kidogo tu. Likisitasita, ujue ekseli zinakwama. Viunganishi navyo: vya chuma, kama vya kampuni ya Kadee, hudumu. Vya plastiki vyenye kijispringi cha plastiki hulegea, halafu treni ndefu inaachia nusu yake njiani.

Kisha lete mizani ya jikoni. NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, kinapendekeza behewa la HO liwe na aunsi 1, ukiongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. La inchi 6, basi, ni aunsi 4, kama gramu 113 hivi. Jepesi mno huacha reli kwenye kona. Lakini uzito usikukoseshe usingizi, nati mbili na gundi zinatosha.

Kinachopandisha bei kihalali ni vishikio na ngazi. Kwenye la bei rahisi vimeumbwa pamoja na ukuta. Kwenye la ghali kila kishikio kimepachikwa peke yake, unaona upenyo nyuma yake. Vinapendeza, ila ukivishika hovyo vinakatika. Mimi hayo ya ghali nanunua mawili matatu ya kukaa mbele. Ya katikati ya msafara nani atayachungulia?