Kuweka A-4E-C kwenye DCS World bila ndege kupotelea ndani ya folda

Nimetoka kumsaidia rafiki aliyekuwa amepakua A-4E-C, akainakili, akawasha DCS (DCS World, simuleta ya ndege za kivita ya kompyuta), na ndege haionekani kabisa. Ni ndege ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa simuleta hii, nakala ya Skyhawk, ndege ya kivita iliyobuniwa na Ed Heinemann na kuruka mara ya kwanza mwaka 1954. Kwangu mimi, hakuna ndege ya nyongeza ya bure inayoishinda.

1. Pakua. Kwenye ukurasa wa matoleo (Releases) wa ndege hii huko GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, chukua faili la zip lenye jina la ndege na namba ya toleo. Lililoandikwa "Source code" liache.

2. Tafuta folda sahihi. Hapa ndipo watu wanapoteza usiku mzima. Usiweke chochote kule DCS ilikosakinishwa, hata kama unaiona folda ya Mods pale. Ukiikarabati DCS, faili za ziada kule zinaweza kufutwa. Ndege inakaa ndani ya Saved Games. Andika `shell:SavedGames` kwenye upau wa anwani wa File Explorer ubonyeze Enter. Njia hii inakufikisha hata kama ulishaihamishia folda hiyo diski nyingine. Ingia DCS (kwa waliokuwa toleo la majaribio huenda ni DCS.openbeta). Usipoiona, washa DCS mara moja, uizime, itajitengeneza. Ndani yake tengeneza folda ya `Mods`, na ndani ya hiyo `aircraft`, ikiwa hazipo.

Sasa fungua zip. Mimi natumia 7-Zip, programu ya kufungua faili za zip, kwa sababu kitufe cha Windows cha kufungua vyote hupenda kuongeza folda yake juu ya ile iliyomo, na hilo ndilo lililomkwamisha rafiki yangu. Alikuwa na A-4E-C ndani ya A-4E-C, na DCS haichimbi hadi huko. Kipimo ni kimoja: faili la `entry.lua` lazima lionekane hapa:

`Saved Games\DCS\Mods\aircraft\A-4E-C\entry.lua`

Kama kuna folda moja zaidi katikati, itoe. Bado haionekani? Ndani ya folda ileile ya `Saved Games\DCS`, fungua `Logs\dcs.log` kwa Notepad, tafuta "A-4E-C", usome mistari ya makosa iliyo jirani.

Programu za kusimamia nyongeza, kama OvGME, ni nzuri ukiwa na nyongeza nyingi. Kwa ndege moja, nakili kwa mkono ujue kila kitu kiko wapi.

3. Vidhibiti. DCS yenyewe hugawa mihimili (axes, yaani mienendo kama kuinua pua au kugeuza ndege) kwa kila kifaa ulichochomeka, hivyo pedali zinaweza kuvutana na joystiki. Ingia Controls, chagua A-4E-C, futa mihimili usiyoitaka.

4. Toleo jipya likitoka. Futa folda ya zamani kwanza, ndipo uweke mpya. Usibandike juu yake. Mipangilio ya vidhibiti haitapotea, iko kwenye `Saved Games\DCS\Config\Input`.